Mashine Pepe Inapogoma Baada ya Mfumo Kusasishwa: Namna ya Kutafuta Kosa

Jumatatu moja asubuhi niliitwa kwenye duka la vipuri vya magari mjini Morogoro. Hesabu zote za mauzo na stoo za duka hilo zilikuwa ndani ya programu kongwe inayokubali Windows ya zamani tu, na Windows hiyo ilikuwa imewekwa kama mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa na programu, ndani ya kompyuta ya Ubuntu 24.04 (aina ya Linux) yenye VirtualBox, programu ya kuendeshea mashine kama hizo. Ijumaa jioni kompyuta ilisasishwa na kuzimwa. Jumatatu mashine pepe ikakataa kuwaka. "Fundi, mashine imekufa," aliniambia kijana anayeshughulikia kompyuta za hapo. Alikuwa ameshaiondoa kwenye orodha ili aiunde upya, na VirtualBox ilipomuuliza kama aondoe jina tu au afute na faili zake, alibonyeza kitufe kilichoandikwa "Delete all files". Diski ya mashine ile haikuwa na kosa lolote. Kilichokwama kilikuwa kwenye kerneli ya Ubuntu, yaani kiini cha mfumo huo, kazi ya nusu saa. Nakala pekee iliyobaki ilikuwa kwenye diski ya nje, ya siku kumi na moja nyuma, na wiki ile yote wahudumu walishinda wakiingiza upya risiti za karatasi, moja baada ya nyingine.

Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya risiti zile. Mashine pepe iliyogoma baada ya sasisho karibu kila mara ni nzima. Kinachoipoteza ni mikono yenye haraka. Kwa hiyo nitaanza na kuilinda diski, nifuate na swali la nani aliyebadilika, ndipo niingie kwenye makosa yenyewe, hasa yale ya kompyuta za Linux, kwa kuwa huko ndiko ninakoitwa mara nyingi zaidi.

Diski kwanza

Mashine pepe, ukiifungua kwenye folda yake, ni vitu viwili. Kuna faili ndogo ya maelezo inayotaja kiasi cha kumbukumbu, idadi ya prosesa na aina ya kadi ya mtandao, na kuna faili kubwa ya diski ambamo mfumo, programu na data zote zimo. Kwenye VirtualBox faili ya maelezo huishia na .vbox na diski kwa kawaida na .vdi, na kwa programu nyingine za aina hiyo, kwenye VMware ni .vmx na .vmdk, diski ya Hyper-V ni .vhdx; na kwa wanaotumia KVM mara nyingi ni .qcow2. Ukiondoa mashine kwenye orodha bila kufuta faili, unaweza kuirudisha kwa kuifungua faili ya maelezo. Ukifuta faili, hakuna cha kurudisha.

Kabla ya jaribio la kwanza la kutengeneza, mashine pepe ikiwa imezimwa, nakili folda nzima kwenye diski nyingine:

cp -a ~/"VirtualBox VMs"/Hesabu /media/akiba/

Nasema folda nzima kwa makusudi. Ikiwa mashine ina snapshoti, yaani alama ya hali yake ya wakati fulani unayoweza kuirudia, mabadiliko yaliyofanyika baada ya snapshoti hayamo kwenye diski ya msingi, bali yamo kwenye faili nyingine ndani ya folda ndogo iitwayo Snapshots, na anayenakili .vdi kubwa peke yake hubaki na data za zamani huku akiamini amehifadhi za leo. Kwa sababu hiyo hiyo, snapshoti haiwezi kuhesabiwa kuwa nakala ya akiba: inakaa kwenye diski ile ile na inaitegemea.

Jambo jingine la kuangalia mapema ni kama mashine ilizimwa kweli au ililazwa tu. Mashine iliyolazwa huandikwa "Saved" kwenye VirtualBox, na hali yake iliyohifadhiwa ina picha ya kumbukumbu na ya vifaa kama vilivyokuwa wakati ule. Toleo la VirtualBox likibadilika katikati, huenda hali hiyo isisomeke tena, na mashine ikakataa kuamka ingawa diski ni nzima. Dawa yake ni kuitupa hali hiyo kwa "Discard", kitendo kinacholingana na kuchomoa waya wa umeme kwenye kompyuta inayofanya kazi: kilichokuwa hakijahifadhiwa kitapotea, diski itabaki. Kwenye KVM amri inayofanya kazi hiyo ni hii:

virsh managedsave-remove hesabu

Nani aliyebadilika, mwenyeji au mgeni?

Kompyuta halisi inayobeba mashine pepe nitaiita mwenyeji, na mfumo uliomo ndani ya mashine pepe nitauita mgeni. Kila mmoja husasishwa kwa wakati wake, na kosa la mmoja huweza kuonekana kwa mwenzake. Matukio mawili yanayojulikana yanaonyesha jambo hili vizuri.

Tarehe 11 Januari 2022 Microsoft ilitoa sasisho KB5009624 la Windows Server 2012 R2, na kwenye seva zinazowaka kwa UEFI (programu ya kuwashia kompyuta za kisasa) mashine pepe za Hyper-V zikashindwa kuanza. Hapo mgeni hakuwa amebadilika hata herufi moja. Aliyebadilika ni mwenyeji. Tiba ilikuja tarehe 17 mwezi ule ule kwa sasisho la dharura KB5010794. Mwaka uliofuata hali ikageuka. Sasisho la Februari 2023 la Windows Server 2022, KB5022842, liliwekwa ndani ya wageni, na wale waliokuwa wakiendeshwa na VMware ESXi 6.7 na 7.0 huku Secure Boot, kinga inayokagua sahihi ya kinachowashwa, ikiwa imewashwa hawakuwaka tena. Kuliondoa sasisho hakukusaidia. Walio kwenye ESXi 8.0 hawakuguswa, na walio kwenye 7.0 walipata tiba kwa kumsasisha mwenyeji hadi 7.0 Update 3k, toleo lililotolewa tarehe 21 Februari 2023. Kabla ya hapo njia ilikuwa kuzima Secure Boot ya mashine pepe. Mgeni ndiye aliyebadilika, lakini tiba ilikuwa kwa mwenyeji.

Ili kujua nani aliyebadilika, usitegemee maneno ya mtu, kwa kuwa siku hizi masasisho mengi hujiweka yenyewe. Kwenye Ubuntu na Debian fungua faili /var/log/apt/history.log, kwenye Fedora andika dnf history. Kwenye Windows fungua PowerShell na uandike:

Get-HotFix | Sort-Object InstalledOn

Kisha jiulize maswali mawili. La kwanza, je, mwenyeji ana mashine pepe nyingine, na zenyewe zinawaka? Zikigoma zote, mtafute mwenyeji. Ikigoma moja tu, elekea kwa mgeni. Ukiwa na mashine moja tu, unda nyingine tupu isiyo na mfumo na uiwashe. Ikifika mahali pa kulalamika kwamba haina cha kuwasha, mwenyeji amefanya kazi yake. La pili, kosa linatokea wapi? Kama ujumbe unatoka kwenye dirisha la VirtualBox, VMware au virt-manager kabla mgeni hajaonyesha chochote, kosa liko kwa mwenyeji. Kama umeona orodha ya GRUB (programu inayoanzisha Linux) au nembo ya Windows ndipo mambo yakakwama, mgeni ameshapewa prosesa na diski, na shida iko ndani yake. Kati ya hapo na hapo ipo sehemu ndogo ya firmware, yaani programu inayoiwasha mashine kabla ya mfumo, na kisa cha Februari 2023 kilikuwa cha hapo hasa: logi ya vmware.log iliandika kwamba picha ya kuwashia imekataliwa, "Image DENIED".

Ujumbe wa kosa unakili herufi kwa herufi, au upige picha kwa simu. Nimepigiwa simu nyingi za "inaleta kosa fulani", na kila mara nimelazimika kumwomba mtu aiwashe tena mashine ili anisomee.

Mwenyeji wa Linux

VirtualBox haiendeshwi na dirisha unaloliona peke yake. Chini yake ipo moduli ya kerneli, yaani kipande cha programu kinachopakiwa ndani ya kerneli, iitwayo vboxdrv, na moduli hiyo hujengwa kwa ajili ya toleo moja la kerneli tu. Kerneli ikisasishwa, moduli ya jana haiingii kwenye kerneli ya leo, lazima ijengwe upya, na kwa kawaida hujengwa yenyewe bila mtu kujua. Inapokosa kujengwa ndipo unapoona "Kernel driver not installed (rc=-1908)".

Anza kwa kuuliza ni kerneli gani inayofanya kazi sasa, kisha hakikisha vichwa vyake vipo, yaani faili za kerneli zinazohitajika ili moduli ijengwe:

uname -r
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)

Kwenye duka la Morogoro hili ndilo lililokosekana. Ubuntu 24.04 ilitoka na kerneli 6.8, lakini anayefuata mkondo wa HWE (unaoletea Ubuntu hiyo hiyo kerneli mpya zaidi) husogezwa mbele, na mwezi Agosti 2025, ilipotoka 24.04.3, mkondo huo ulifika 6.14. Kerneli mpya iliingia, vichwa havikuingia kwa kuwa aliyeiweka kompyuta ile mwanzoni aliweka vichwa vya toleo moja tu badala ya kifurushi kinachofuata kerneli. Kifurushi hicho huitwa linux-headers-generic-hwe-24.04, na kukiweka kunamaliza shida hii kwa masasisho yajayo pia.

Vichwa vikishakuwepo, jenga moduli. Kwa VirtualBox iliyotoka Oracle moja kwa moja tumia amri ya kwanza. Kwa ile iliyotoka kwenye hazina ya Ubuntu tumia ya pili:

sudo /sbin/vboxconfig
sudo dkms autoinstall

Ikishindwa, usiirudie mara tano ukitumaini itakubali. Soma /var/log/vbox-setup.log, au kwa DKMS (zana inayojenga moduli upya kerneli ikibadilika) faili ya make.log iliyo chini ya /var/lib/dkms/virtualbox, na utafute mstari wa kwanza wenye neno error, kwa kuwa mingi inayofuata huwa ni matokeo ya ule wa kwanza. Sababu mbili ndizo ninazokutana nazo. Moja ni VirtualBox ya zamani kuliko kerneli, na hapo hakuna ujanja: weka toleo jipya la VirtualBox. Hili huwapata sana waliopandisha mfumo mzima kutoka toleo moja la Ubuntu hadi jingine, kwa sababu wakati wa kupandisha, hazina za watu wengine huzimwa, ile ya Oracle ikiwamo, na VirtualBox hubaki palepale huku kila kitu kikisonga. Sababu ya pili ni kikusanyaji, programu inayojenga moduli kutoka kwenye msimbo wake. Ubuntu 22.04 ilipopelekwa kerneli 6.5 mwanzoni mwa 2024, kerneli hiyo ilikuwa imejengwa kwa gcc-12 ilhali kompyuta nyingi zilikuwa na gcc-11, na moduli zikagoma kujengwa zikilalamikia chaguo la "-ftrivial-auto-var-init=zero". Kuweka gcc-12 kulitosha.

Huenda moduli ikajengwa vizuri na bado isipakiwe. Jaribu kuipakia kwa mkono:

sudo modprobe vboxdrv

Ukijibiwa "Key was rejected by service", kompyuta imewashiwa Secure Boot na haiitambui sahihi ya moduli. Watu wengi hukimbilia kuzima Secure Boot. Mimi sipendi njia hiyo, kwanza kwa sababu inaondoa kinga ya kompyuta nzima kwa ajili ya programu moja, na pili kwa sababu kompyuta yenye Windows pembeni iliyofungwa kwa BitLocker (kifungio cha diski cha Windows) inaweza kukudai ufunguo wa kurejesha ambao mwenye kompyuta hajui aliuweka wapi. Afadhali uandikishe ufunguo wa kutia sahihi:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Utaombwa utunge nywila ya kutumika mara moja. Washa kompyuta upya, na kabla Ubuntu haijaanza litatokea skrini la buluu lenye maandishi machache; chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", ukubali, uandike nywila uliyoitunga. Skrini hilo halisubiri sana. Asiyelitarajia huliona likipita, akadhani kompyuta imeharibika, na ombi lake huwa limepotea. Itabidi aanze tena na mokutil. Kwa hiyo mwambie aliye mbele ya kompyuta kabla hujamwelekeza kuiwasha, hasa kama unamsaidia kwa simu.

Kosa lililonishangaza zaidi Morogoro lilikuja baada ya la kwanza kuisha. Moduli ilikubali, niliunda mashine tupu ya kujaribia, nikaiwasha, ikajibu VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Kwenye prosesa za AMD kosa hili huitwa VERR_SVM_IN_USE. Maana yake ni kwamba uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe umeshachukuliwa na mwingine, na huyo mwingine ni KVM, ambayo ni sehemu ya Linux yenyewe. Zamani KVM iliushika uwezo huo pale tu mtu alipowasha mashine ya KVM. Kuanzia kerneli 6.12, iliyotolewa Novemba 2024, inaushika mara tu moduli yake inapopakiwa, hata kama hakuna anayeitumia. Kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuisikia KVM anaamka asubuhi na kukuta VirtualBox yake imefungiwa mlango.

Hakikisha kwanza kwamba ndivyo ilivyo, kisha uiondoe KVM kwa muda:

lsmod | grep kvm
sudo modprobe -r kvm_intel kvm

Kwa AMD andika kvm_amd badala ya kvm_intel. Ukikataliwa kwa maelezo kwamba moduli inatumika, ipo mashine ya KVM inayofanya kazi mahali fulani, labda kiigizaji cha Android cha kijana anayejifunza kuunda programu za simu, kifunge kwanza. Mashine pepe ikiwaka baada ya hapo, umeshapata jibu, na lililobaki ni kulifanya la kudumu. Fungua /etc/default/grub kwa haki za msimamizi, na ndani ya alama za nukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza maneno haya:

kvm.enable_virt_at_load=0

Hifadhi, endesha sudo update-grub, uwashe upya. KVM itarudia tabia yake ya zamani. Njia hii naiona bora kuliko kuipiga marufuku moduli yote ya KVM, kwa sababu siku utakapoihitaji itakuwepo.

Na ikiwa huna muda kabisa, wateja wamepanga mstari na data zinahitajika sasa hivi, rudi kwenye kerneli ya jana. Washa kompyuta ukiwa umeshikilia Shift, au ukigonga Esc kwa zile za UEFI, hadi orodha ya GRUB itokee. Ingia "Advanced options for Ubuntu" na uchague toleo lililotangulia. Moduli ya kerneli hiyo bado ipo. Duka litafunguliwa, na wewe utatengeneza jioni kwa utulivu.

Kwa anayetumia KVM yenyewe kwa libvirt (zana za kusimamia mashine pepe, virsh ikiwamo), masasisho madogo huleta shida chache, lakini kupandisha toleo zima huweza kuleta ujumbe wa "unsupported machine type". Kila mashine ya KVM imeandikiwa aina ya ubao wake, na matoleo mapya ya QEMU, programu inayoendesha mashine hizo, huacha kuziunga mkono aina za zamani sana. Andika qemu-system-x86_64 -machine help uone zilizopo, kisha kwa virsh edit badilisha jina la zamani kwa jipya la jamii ile ile: i440fx kwa i440fx, q35 kwa q35. Ukirukia jamii nyingine, mgeni ataona vifaa vyote vimehama, na Windows iliyo ndani huenda isiwake. Sababu kamili ya kugoma kwa kila mashine imo kwenye /var/log/libvirt/qemu, kila moja na faili yake.

Mwenyeji wa Windows

Hapa shida kubwa ni moja, nayo inafanana na ile ya KVM: Windows yenyewe ina programu yake ya kuendeshea mashine pepe, Hyper-V, na sasisho au kompyuta mpya huweza kuiwasha bila wewe kuomba, kwa ajili ya kinga iitwayo Memory integrity, au kwa ajili ya WSL2 (Linux ndani ya Windows) na Docker. VirtualBox ya miaka hii haigomi kabisa ikikuta hivyo. Kuanzia toleo la 6.0 inaweza kupanda juu ya Hyper-V, ila huenda polepole sana, na kwenye mstari wa chini wa dirisha la mashine utaona alama ya kobe wa kijani. Kobe huyo si pambo. Akionekana, mashine inapita kwa Hyper-V.

Ili kuthibitisha, endesha msinfo32 na usome mwisho wa ukurasa wa kwanza. Ukiona "A hypervisor has been detected", Hyper-V iko kazini. Kwanza sasisha VirtualBox au VMware Workstation, kwa sababu matoleo mapya yanaishi na Hyper-V vizuri kuliko ya zamani, na mara kadhaa hilo pekee limetosha. Ikiwa bado mashine haitumiki, fungua Windows Security, ingia Device security, kisha Core isolation details, uzime Memory integrity. Hatua ya mwisho, kwa haki za msimamizi, ni hii:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Washa upya. Ujue kwamba WSL2 na Docker Desktop hazitafanya kazi hadi uirudishe amri hiyo ikiwa na neno auto badala ya off, na kwamba umepunguza kinga ya kompyuta. Kwenye kompyuta ya ofisi inayosimamiwa na idara ya teknolojia, usifanye hivyo bila kuwaambia.

Mgeni anapokuwa ndiye mgonjwa

Mgeni wa Linux akisasishwa na kisha kusimama kwenye "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", maneno yanatisha kuliko hali yenyewe. Kerneli mpya imewekwa, lakini faili ya initramfs, ambayo huisaidia kerneli kuifikia diski, haikukamilika. Mara nyingi sababu ni kizigeu cha /boot kilichojaa kerneli za zamani, au umeme uliokatika sasisho likiwa katikati, jambo ambalo kwetu halihitaji maelezo. Washa kwa kerneli ya zamani kupitia GRUB ya mgeni, kisha ufuate mpangilio huu:

df -h /boot
sudo dpkg --configure -a
sudo apt autoremove --purge
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

Amri ya pili ndiyo inayomalizia vifurushi vilivyoachwa nusu. Ikilalamika kwamba nafasi haitoshi, ondoa kwanza kerneli moja ya zamani, lakini usiiondoe ile unayoitumia wakati huo. Amri ya uname -r itakuambia ni ipi.

Aina nyingine ni mgeni anayewaka hadi nusu na kuingia "emergency mode". Angalia /etc/fstab. Nimekuta mara nyingi mstari wa folda ya pamoja kati ya mgeni na mwenyeji, wa aina ya vboxsf, na kerneli ya mgeni ilipobadilika, moduli inayoielewa vboxsf haikujengwa, mfumo ukashindwa kuifungua folda hiyo na ukakataa kuendelea. Weka alama ya # mwanzoni mwa mstari, washa upya, ujenge moduli kwa sudo /sbin/rcvboxadd setup, kisha urudishe mstari ukiwa umeongeza neno nofail kwenye chaguo zake, ili siku nyingine folda ikikosekana mfumo uwake bila hiyo. Skrini kubaki dogo na kipanya kukwama mpakani mwa dirisha baada ya sasisho ni dalili za moduli hizo hizo.

Mtandao ukipotea, endesha ip link ndani ya mgeni na ulinganishe jina la kadi na lililoandikwa kwenye faili zilizo chini ya /etc/netplan. Jina likiwa tofauti, faili inaelekeza anwani kwa kadi ambayo haipo tena.

Kwa mgeni wa Windows aliyekwama kwenye nembo, mwache kwanza nusu saa nzima, kwa sababu sasisho kubwa ndani ya mashine pepe yenye diski ya polepole huonekana kama limekufa ilhali linaendelea. Angalia taa ya diski kwenye dirisha. Akiendelea kukwama, atafikia ukurasa wa kurekebisha baada ya kuwashwa na kushindwa mara chache, na humo mna "Uninstall Updates". Kama mgeni ana BitLocker na chipu pepe ya TPM inayotunza funguo, usiguse Secure Boot yake kabla hujaushika mkononi ufunguo wa kurejesha.

Na mashine pepe ikisimama ghafla, ikabaki imesitishwa kwa ujumbe wa "Host system reported disk full", usitafute mbali: sasisho limemaliza nafasi ya diski ya mwenyeji. Safisha, kisha bonyeza kuendelea. Mgeni hataona tofauti.

Kabla ya sasisho lijalo

Duka lile sasa lina utaratibu ulioandikwa kwa kalamu na kubandikwa pembeni ya skrini. Mashine pepe huzimwa kabisa, hailazwi, kabla ya kusasisha. Folda yake hunakiliwa kila jioni kwenye diski ya nje. Sasisho hufanywa Jumamosi mchana baada ya kufunga, kifurushi cha intaneti kikiwa bado kina salio, kwa kuwa tiba nyingi nilizozieleza zinahitaji kupakua kitu, na kompyuta huwashwa upya na mashine pepe kujaribiwa siku hiyo hiyo, kabla ya mtu yeyote kwenda nyumbani. Kerneli yenyewe tumeizuia isijisogeze, kwa amri hii:

sudo apt-mark hold linux-generic-hwe-24.04 linux-image-generic-hwe-24.04 linux-headers-generic-hwe-24.04

Kizuizi hiki hakipaswi kuachwa mwaka mzima, kwa kuwa masasisho ya kerneli ndiyo yanayoziba mianya ya usalama. Mara moja kwa mwezi, nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta ile na nakala ikiwa imeshachukuliwa, naandika unhold mahali pa hold, nasasisha, naiwasha mashine pepe, namwomba mhudumu afungue hesabu za siku iliyopita na kunitajia jumla ya mauzo, ndipo ninapokirudisha kizuizi.